Anavuta Pumzi Kwenye Kona

Jumatatu, 5 Oktoba

Chiriku wangu kachaguliwa. Ndiye atakayeanzisha wimbo wa darasa la tatu, Ijumaa ya wiki ijayo, na wenzake wote waitikie. Karudi anaruka, barakoa inaning'inia sikio moja – nikamfokea kwanza, nikamkumbatia baadaye. Mwaka huu ndivyo nilivyo.

Kuimba darasani ni marufuku. Filimbi nazo zimekusanywa kwenye ndoo zikafungiwa stoo, maana ni mambo ya mate. Kwa hiyo kila mtoto anajifunza kwao, kwa sauti anazotuma mwalimu wa muziki kwenye grupu la wazazi. Watoto wanamwita Mwalimu Tulia, ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Siku yenyewe watasimama uwanjani, mbalimbali, kila mmoja na duara lake la chaki. Wazazi nje ya uzio. Mwalimu kasema hawatasikiana vizuri, kwa hiyo wote watamfuata anayeanzisha. Akiyumba yeye, wimbo umekwenda na maji.

Mama mkwe kamtania mjukuu wake: Mke mwenzangu, usiniaibishe, nimeshawatangazia majirani. Chiriku akamjibu kwamba hakuna aliyemtuma kutangaza. Mdomo huo! Jina hatukukosea.

Bosi anayenipa kazi ya kushona kaleta barakoa zilizokatwa, kikapu kimefurika. Anazitaka Ijumaa hiyohiyo.

Jumatano, 7 Oktoba

Tumerekodi. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la vifungo, Chiriku kasimama pembeni ya cherehani, mahali pake pa siku zote. Mimi sikuacha kushona, ningeachaje. Chumba ndicho hiki kimoja cha kazi.

"Fungueni madirisha, asubuhi imefika." Sauti imetoka nyembamba, safi, kama uzi mpya. Mwalimu kafurahi, kaituma kwa wazazi wote: watoto wajifunzie hii.

Baba yake kasikiliza akiwa mpakani na lori lake, anasubiri majibu ya vipimo. Kasema dereva wa jirani naye kaomba atumiwe. Nimevimba kichwa kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Grupu linawaka. Mzazi mmoja kaandika kwamba mwanawe akimaliza wimbo anahema kama kakimbizwa na mbwa. Mwingine anauliza kama hili ni somo la muziki au la michezo. Wamecheka na vikatuni vyao.

Jioni mwalimu kapiga simu. Taratibu, kama kawaida yake.

"Mama Chiriku, sauti anayo. Ila anakimbia. Halafu anapumua mahali pa ajabu. Fungueni madi – pumzi – risha. Nani kamfundisha hivyo?"

Nikasema sijui. Kweli sikujua.

Akasema asiporekebika kufikia Jumanne, atampa nafasi binti wa mfamasia, yule mwenye kinanda kwao. Si adhabu, akasema, ni kwa ajili ya wote.

Sijamwambia Chiriku. Anaimba huku anapiga mswaki.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimesimamisha cherehani kusudi aimbe kwenye utulivu. Kafungua mdomo. Hakuna kitu.

"Mama, anza."

"Nianze nini? Anayeanza si wewe?"

"Anza kushona."

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele, hata kichwa hakuinua. Kasema: Huyu haimbi wimbo wa mwalimu. Anaimba cherehani yako.

Nikakaa. Nikashona barakoa moja, namsikiliza. Mshono mfupi, kona, nainua sindano, nageuza kitambaa, mshono mfupi tena. Na mtoto anavuta pumzi kwenye kona. Kila kona! Nikiharakisha, anaharakisha. Nikikatikiwa uzi, ananyamaza ananisubiri.

Kumbe ni mimi. Shule ilipofungwa mwalimu wake nilikuwa mimi na huu mguu wangu wa kukanyagia pedali. Haraka yangu yote ya mzigo imeingia kwenye koo lake, wala sikufungua mdomo kumfundisha.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimeshusha pazia. Nimefumua pindo lake lote, nikaanza kulishona upya, polepole. Pazia halina kona za karibu. Ni mshono mmoja mrefu unaokwenda tu.

Kaimba mstari mzima kwa pumzi moja. Hata yeye kashangaa, kashika tumbo kama anatafuta pumzi ilikokuwa imejificha.

Nimelifumua tena. Nimelishona tena. Mama mkwe: Majirani wanatuona mpaka jikoni, na mwanangu akirudi atakuta pazia limepindwa mpaka limebaki leso. Lakini akaleta kiti, akakaa kusikiliza.

Kikapu cha barakoa kinanitazama. Nimekigeuzia mgongo.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimetuma sauti mpya asubuhi. Mwalimu kajibu: Sasa ndiyo. Nafasi ni yake. Nilikaa chini kwenye vipande vya vitambaa.

Lakini mchana akapiga. Nasikia mashine kwa nyuma, kasema. Mashine Ijumaa haitakuwepo.

Nikamwambia tutaona. Mdomo wangu mwepesi kuliko akili.

Bosi naye kapita. Hakuingia, alisimama mlangoni mbali, akatazama kikapu, akatazama pazia. "Watu wanahangaika kufunika nyuso, wewe unapinda mapazia?" Nikamwambia mwanangu ana wimbo. Akasema hata yeye ana watoto, na Ijumaa ni Ijumaa. Hakunisema vibaya. Ndicho kinachoniuma.

Jumatano, 14 Oktoba

Leo tumeanza kumwachisha. Ni kama kumwachisha ziwa mara ya pili, safari hii anajua kubishana.

Kwanza niliutoa mkanda kwenye gurudumu. Nikakanyaga pedali tupu, sindano haitembei, ni ule mtikisiko tu. Kaimba. Nikatoa mguu kwenye pedali nikakanyaga sakafu. Kaimba. Nikauondoa mguu – akainama kuutafuta chini ya meza, kama mtu aliyepoteza kiatu.

Kalia. Nikamwacha alie kidogo, kisha nikamwambia basi, inatosha, osha uso. Mguu wangu hauwezi kukufuata kila mahali.

"Ijumaa utakuja?"

"Nitakuja."

"Na mguu?"

Mama mkwe akacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nilitaka kucheka.

Barakoa nimezirudia. Macho yanawasha.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimekaa nje ya mlango. Yeye ndani, peke yake, macho kafumba. Kaanza vizuri, mwendo ule wa pazia. Mara moja. Majaribio mengine yote alichungulia mlangoni kwanza.

Nimemwambia mwalimu ukweli wote, cherehani na kona. Kacheka kwa upole, halafu akaniomba: Ukiwa uzioni, usimpigie mdundo. Uko mbali mno. Atakufuata wewe, wenzake watamfuata yeye, tutapata nyimbo mbili. Mwache aanze mwenyewe, hata akichelewa. Tutamsubiri.

Nimeahidi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Uzioni. Naandika nimesimama, daftari juu ya nguzo, ili mikono iwe na kazi. Mambo yamechelewa: spika haina umeme, mwalimu mkuu anahutubia kwa koo lake na hakuna anayemsikia.

Mzigo haujaisha. Nimeacha kikapu nusu, nimempigia bosi nikamwambia hivyohivyo. Kakata simu. Kesho nitajua.

Watoto wamesimama kwenye maduara yao. Chiriku mbele kabisa, peke yake. Mdogo namna hii? Nyumbani anajaza chumba. Binti wa mfamasia yuko duara la nyuma yake, anatingisha vidole. Hana kosa lolote, mtoto wa watu.

Mama mkwe kanivuta nihamie upande huu. Simama hapa akuone. Sikutaka. Nimehama.

Mwalimu kanyanyua mkono. Uwanja kimya. Hata wazazi wa grupu kimya.

Hajaanza.

Mwalimu hajashusha mkono. Anamsubiri kama alivyosema. Midomo yake inasema tulia, naiona kutoka huku.

Chiriku hamtazami mwalimu. Kanitafuta, kaniona. Hatazami uso wangu. Anatazama chini ya waya, pale uzio unapoachana na ardhi, vinapoonekana viatu.

Mama mkwe kanigusa kiwiko. Mpe. Mpe mdundo kidogo tu, nani atajua.

Kifua cha Chiriku kimepanda. Kavuta pumzi – pumzi ndefu, ya pazia, si ya kona. Kaishika. Bado anatazama kiatu changu.

Kisigino changu cha kulia kimeshanyanyuka. Sikukituma. Nimekishikilia hapo juu, hakijashuka, na yeye kaanza mwenyewe: Fungueni madirisha, asubuhi imefika, yote kwa pumzi moja.