Neno Nililokuwekea Kinywani

Bukavu, Kadutu
Tarehe 3 Machi 2026

Mpendwa shemeji yangu, Papa Stanislas,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Habari ya Kampala? Goti la maman Ariane limepona, ao angali anapanda ngazi akishika ukuta? Na Cédric amemaliza masomo? Siye huku tuko wazima, tunakula, tunalala. Mvua inanyesha kila siku na udongo wa mulima unashuka polepole kwenye ukuta wa jikoni, lakini hiyo tumeizoea.

Naandika kwa mukono kwa sababu telefone yangu anaifungua binti yangu Merveille, mutoto wako wewe pia, na hii haiko habari ya yeye kusoma kwanza. Gentil, kijana wa jirani, anapanda bus ya Kampala kesho, atakufikishia.

Unajua tangu Adalbert mudogo wako atuache, ni mimi naongoza wamama wa kanisa. Miaka kumi na mbili sasa. Kila mwezi nasimama mbele yao na fundisho lilelile: Yesu alituachia kazi ya kwenda, hakutuachia viti, na kanisa lisilotuma watu wake ni nyumba ya kunywea chai. Wamama wanapiga makofi. Na sikufichi, makofi yale nilikuwa nayapenda.

Basi mwezi uliopita Pasta Théodore alitangaza kwamba ndugu zetu wa Luberizi waliokimbia vita wameanza kurudi kwenye mashamba yao ya muchele. Kanisa lao halina mwalimu, wagonjwa wao hawana muganga. Alitaka infirmière mumoja, muuguzi, aende na muinjilisti na bibi yake wa ndoa, wakae kule miezi sita, watunze watu na kufundisha Neno. Akauliza nani atakwenda. Aliyesimama ni Merveille, na uuguzi wake, katikati ya kwaya, na joho lake. Hakuniangalia hata kidogo.

Kanisa lote likageuka kuniangalia mimi. Nikacheka meno nje. Moyoni nilikuwa naona ile njia yote, Nyangezi, miteremko ya Ngomo, Kamanyola, na vizuizi vya watu wa bunduki ambao leo ni hawa na kesho ni wengine. Mukuki kwa nguruwe mutamu, shemeji. Watoto wa wengine nimewatuma sana.

Sasa, kwetu unajua, kanisa halitume binti bila neno la mukubwa wa jamaa ya baba yake. Pasta akaniambia nikuulize wewe. Nikarudi nyumba, nikashika telefone, nikaiweka. Siku ya tatu nikaenda ofisini kwake na kumwambia: Papa Stanislas amekatala.

Ndiyo. Hukuulizwa na umekatala. Tena nikaongeza chumvi, eti ulisema umekwisha kumuzika mudogo wako, huwezi kumutoa na mutoto wake. Pasta aliinamisha kichwa, akasema anaheshimu neno la jamaa, akafuta jina. Nilitoka pale nikitembea kwa furaha kama mutu aliyepona homa. Nisamehe. Nisamehe sana.

Merveille alilia siku mbili. Hakunikasirikia mimi, amekukasirikia wewe, ndiyo maana wiki hizi tatu hajakupigia. Usifikiri amekuwa na kiburi.

Nilifikiri mambo yameisha. Kumbe nafasi ile ilichukuliwa na Faida. Ni binti mumoja tu wa maman Bulonza, mujane anayeuzisha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni, na masomo ameyamaliza juzi, hajapiga sindano bila mutu kusimama pembeni yake. Kwao hakuna shemeji wa kukatala, wote wamekufa ao wamepotea. Bulonza alitia sahihi yeye mwenyewe.

Jana walikuja wote wawili hapa kwangu. Wanataka nini? Nimuwekee Faida mikono, nimuombee. Nikamuwekea. Alikuwa ametoka kusukwa nywele kwa ajili ya safari, bado zinanuka mafuta. Kinywa changu kiliomba, sijui kilisema nini. Kisha Bulonza akaniambia: «Maman, kama si mafundisho yako, huyu mutoto ningemukatalia.» Nikawasindikiza mupaka barabarani, nikarudi, nikashindwa kula.

Nakwambia ukweli wote. Pasta amesema atakupigia siku moja kabla ya ibada ya kutuma, akufariji, maana anaamini una uchungu. Niliposhika kalamu asubuhi nilitaka kukuomba unisaidie, umwambie: «Ndiyo, nilikatala.» Karatasi ile nimeipasua. Njia ya muongo ni fupi, na wewe sina haki ya kukutembeza juu yake.

Siku ya yenga, Jumapili hii ya ibada, ni mimi ninapaswa kumufunga kitenge yule anayetumwa, mbele ya wote. Kumufunga Faida siwezi. Kumufunga Merveille, shemeji, naogopa. Namujua, akisikia ukweli atakwenda. Na leo akitoka kazini nitamwambia, mimi mwenyewe.

Nisalimie maman Ariane na Cédric, na wote wa nyumba yako. Mungu alinde mulango wenu, akupe kuona wajukuu, na asinihesabie yale niliyoyasema kwa jina lako.

Nilikuwa na swali moja la kukuuliza na nililiruka. Naliuliza sasa. Mutoto wa Adalbert anaomba kwenda Luberizi kwa kazi ya Mungu: unamuruhusu? Usinijibu mimi. Mujibu Pasta.

Ni mimi, bibi ya mudogo wako, ninayekupenda na haya usoni,

Adolphine