Mtoto Amenibishia Samaki

Skola mdogo wangu, hujambo na makelele yako hapo Buzebazeba?

Tupo Bujumbura tunazurura, tukimsubiri hakimu amruhusu binti yangu Edita kumuasili yule mtoto wa huku, Ineza. Eti tukaangalie ziwa! Ziwa gani, si hili hili letu la huko nyumbani? Mtoto mwenyewe alikuwa hatusemeshi, mpaka Edita analia chooni.

Leo hotelini mhudumu kaleta mgebuka wa kuchoma, anamwita mukeke. Nikamwambia, "Usinifundishe samaki, huyu mgebuka!"

Ineza akagonga meza, akakataa kwa lugha yao. "Oya, bibi! Mukeke!"

"Mgebuka!"

"Mukeke!"

Tukabishana hadi samaki akapoa, Edita anacheka na machozi.

Hakimu ajivute atakavyo, huyu keshakuwa wetu. Tandika kitanda, na Mungu akuzidishie subira, maana nyumba inaongeza mbishi.

Dada yako akupendaye, ingawa hustahili.