Namba za Vifuniko vya Soda

Mwiki, Ruiru
Jumapili jioni

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Anti Mukonyo. Sisi ni wazima. Yule mbuzi wako amepona mguu? Na huko Gatuanyaga mmepata mvua, au bado ni vumbi tu?

Mama, Alhamisi tulienda ukumbi wa kanisa kutoa maoni kuhusu sheria inayopendekezwa. Inataka kupiga marufuku ujumbe wa simu uliofungwa kwa namna ambayo serikali haiwezi kuusoma. Anti alikuwa na hofu. Wewe unajua yeye ni mhudumu wa afya mtaani, na wanawake humwandikia kwa simu kuhusu magonjwa ambayo hata waume zao hawayajui.

Afisa wa serikali alisema sheria ikipita, siri za namna hiyo zitakwisha nchini. Nikajikuta nimesimama, mimi ninayeshindwa hata kuomba chumvi kwa jirani. Akaniuliza, huku akicheka, nimetumwa na nani. Watu nao wakacheka.

Nikawaeleza kuhusu shule yetu. Wasichana tulikuwa tukiandikiana kwa namba. Tulichomoa vifuniko vya soda vyenye namba kutoka kwenye mfuko, wawili wakanakili orodha moja, kila namba ikajumlishwa na namba ya herufi moja ya ujumbe, kila ukurasa ukatumika mara moja kisha ukachomwa. Hata mwalimu wa hesabu hakuweza kuusoma ujumbe wetu. Mwalimu mkuu aliupiga marufuku, akachukua madaftari yote. Kabla wiki hiyo haijaisha, kidato cha kwanza walikuwa wameshajifunza mtindo huo. Nilimwambia afisa kwamba anaweza kumwadhibu atakayemkamata, lakini hesabu iliyo vichwani mwa watu hataipata. Atakayebaki wazi ni mgonjwa wa Anti anayetii sheria.

Akauliza nimeyajuaje yote hayo. Hapo nikasema kwa sauti:

“Niliyebuni ni mimi. Aliyeadhibiwa ni rafiki yangu Wayua.”

Ndiyo, Mama. Wayua alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa karatasi niliyomwandikia mimi, na hakunitaja. Wewe uliniambia nisiwe kama yeye, nami nikanyamaza. Nisamehe.

Afisa alipoomba wanaoiunga mkono sheria wainue mikono, haukuinuka hata mmoja. Akaandika hivyo mbele yetu, na akina mama wakanipigia makofi mpaka nje.

Tafadhali ukishaisoma barua hii, mpelekee mama yake Wayua. Nimeiandika kwa herufi za kawaida, si kwa namba, ili aisome mwenyewe.

Msalimie mdogo wangu Kaloki, na Mungu awalinde.

Mwanao,
Kaveke