Njiti ya Fagio na Miguu ya Nekesa

Kitale, Jumanne, 14 Agosti 2007

Mvua imeanza saa nane kama kawaida ya Agosti na nguo za mtoto zimerudi ndani mbichi. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimefagia sebule mara mbili na haikuwa chafu.

Leo ni siku ya tisa Nekesa hajatembea.

Niandike kwa mpangilio, labda akili itatulia. Ana miezi kumi na minne. Hatua ya kwanza alipiga tarehe 19 Julai, kutoka kitandani hadi kwenye goti langu. Tarehe 4 Agosti tulienda Bungoma kwa mama mkwe, tukarudi kesho yake jioni. Tangu Jumatatu iliyofuata, nikimsimamisha anakunja mguu mmoja, analia, anarudi kutambaa.

Huko Bungoma mama mkwe alichimba shimo dogo nyuma ya jikoni, akatandika blanketi, akamsimamisha Nekesa ndani hadi kiunoni ili magoti yapate nguvu. Aliponiona nimenuna alicheka. “Huyu Wafula wako alisimama kwa shimo kama hii. Si leo hata mbwa hawezi mshika akikimbia?”

Nilicheka pia. Moyoni sikucheka.

Jumatano nilimpigia simu Wafula huko Moi's Bridge, kwenye ghala la mahindi anakofanya kazi wiki nzima. Nilimwambia mama yake amemtegua mtoto nyonga. Niliyasema kama mtu aliyeona kwa macho. Naye akampigia mama yake. Sijui walisemezana nini, lakini mama mkwe, ambaye hupiga kila jioni kusikia sauti ya mjukuu, hajapiga tena.

Asubuhi ya leo nimempeleka mtoto kliniki. Nilimweleza nesi habari ya shimo kwa kirefu, hata kina chake. Alinisikiliza huku akifungua kamba za viatu vya Nekesa. Akamshika miguu, akazungusha nyonga huku na huku, na mtoto akacheka.

“Nyonga ni nzima,” alisema. “Mama Nekesa, hebu njoo uangalie hapa.”

Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimejikunja. Ukucha wa kidole gumba umezama kwenye nyama, pembeni pamevimba na kuwa pekundu.

Wekundu huo nilikuwa nimeuona nikimwogesha. Nimeufungua ukurasa wa siku hiyo humu daftarini sasa hivi. Niliandika: “baridi”.

Viatu nilinunua sokoni siku moja kabla ya safari. Ni vya ngozi ngumu, vinafunika kifundo, kwa sababu niliamini mtoto anayeanza kutembea lazima kifundo kishikwe. Sikutaka kumbeba kwenye matope hadi sokoni, kwa hiyo nilipima kwa njiti ya fagio, kama mama alivyotupimia sisi: unailaza kwenye unyayo, unaikata kidole kinapoishia, unaenda nayo kwa muuzaji. Nekesa akiwa macho hurusha mateke. Nilimpima amelala. Nilipima mguu wa kushoto kwa sababu ndio uliokuwa nje ya blanketi.

Mimi ninayeandika kila kitu, nilipima mguu mmoja.

Nesi alimsimamisha peku juu ya karatasi, mimi nikiwa nimemshika kwapani, akauchora kila mguu kwa penseli. Akaniambia mguu hutanuka ukibeba uzito, na miguu miwili ya mtoto mmoja inaweza isilingane, hivyo hupimwa yote, na kiatu hufuata ule mkubwa. Mbele niache nafasi ya upana wa kidole gumba changu. Ndani ya nyumba asivae kitu, vidole vijifunze kushika sakafu. Nimkande kwa maji ya uvuguvugu, na nikiona usaha, au wiki ikiisha hajatembea, nirudi.

Nyumbani nimeitoa njiti kwenye daftari nilikoihifadhi, nikaiweka juu ya mchoro. Kwa mguu wa kushoto inakaribia. Kwa mguu wa kulia, ukucha mzima unabaki nje.

Nilizunguka na simu mkononi kwa karibu saa nzima. Wafula nilimwambia kwanza. Alisema neno moja tu: “Mpigie.” Nikapiga.

“Mama, si shimo. Ni viatu nilivyonunua mimi. Nisamehe.”



“Ile shimo nilifukia siku ile Wafula alinipigia,” alisema. “Nikasema mikono yangu imezeeka, isiguse tena mtoto wa watu.”

Mtoto wa watu. Nekesa, aliyempa jina yeye mwenyewe.

Kisha akauliza, “Ati atatembea?”

Nikamwambia nesi anasema atatembea.

“Basi mlete bila viatu. Matope ya huku haiumi mtu.”

Tutaenda Jumamosi. Nimeshaandika. Viatu nimevifunga kwenye karatasi, navyo nitavibeba, mama mkwe avione kwa macho yake.

Sasa Nekesa amesimama ameshika benchi, peku, vidole vimetawanyika kwenye saruji. Mguu wa kulia anaugusisha chini, anauinua, anaugusisha tena. Nimekaa sakafuni hatua tatu kutoka alipo na nimejizuia kunyoosha mikono. Hajaachilia benchi.

Na asipoachilia kabla ya Jumamosi, nitamtazama vipi mama usoni?