Tundu Nililokata Katika Boti ya Soudi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, komini ya Kasuku, mjini Kindu, Jumatatu tarehe 13 Mei 2024, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mbele ya ofisa Assani Kassim.

Jina: Ntumba Joséphine. Umri: miaka 47. Kazi: seremala. Makao: nyumba za wafanyakazi wa reli, Kasuku. Lugha: Kiswahili, kwa ombi lake.

Nimeitwa kwa sababu ya boti ya bwana Soudi, ambayo ina tundu ubavuni. Nasema tangu mwanzo kwamba tundu hilo nililikata mimi. Hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mnamo Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, saa moja asubuhi, nilipanda pikipiki kwenda bandarini, sanduku la vyombo vyangu likiwa mapajani. Kulikuwa na mlango wa ghala uliovimba kwa mvua, nami niliitwa kuurekebisha. Sandukuni mlikuwa na misumeno mitatu, keke ya mkono ya kutobolea mbao, patasi, nyundo ya mti na randa ndogo.

Saa moja na dakika arobaini nilisikia mayowe kutoka mtoni. Boti ya bwana Soudi, boti ya mbao iliyokuwa ikipakiwa kwa safari ya Ubundu, ilikuwa imelala ubavu. Mapipa ya esansi, yaani petroli, yalikuwa yamebingirika upande mmoja. Waliokuwa juu waliruka, wakafika nchi kavu wote. Lakini mlango wa chini, wa kuingilia penye mizigo, ulikuwa umebanwa na matope ya ukingo. Wapakiaji wa mizigo walikuwa wameshika kamba ili mkondo usiichukue boti.

Ndipo tukasikia mtu anagonga kwa ndani.

Niliweka mdomo kwenye nafasi kati ya mbao, nikaita: "Muko bangapi?"

Sauti ya mwanamke ikajibu: "Tuko tatu. Miye Mamy, na mutoto wangu Elodie, na papa Aimé wa kutoa maji ya boti."

"Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima, lakini macho inamuchoma. Hewa ni mubaya, mama. Fanyeni mbio."

Wakati huo alifika Daddy, mpasua mbao, na msumeno wake wa mota. Akasema: "Mama, pisha. Hii mashine inapasua kwa dakika mbili."

Nilichovya kidole katika maji yaliyokuwa yakivuja ubavuni, nikanusa. Nikamwambia: "Usiwashe. Pipa imepasuka ndani. Cheche moja tu, tutazika hawa watatu, na sisi pamoja nao."

Akasema: "Na vile vyombo vya bibi yako utafika lini?" Watu wengine walicheka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kamba ya kuwashia. Mimi sina nguvu za kushindana na Daddy. Kwa hiyo nilikaa juu ya mashine. Nilikaa na uzito wangu wote mpaka alipoiachia kamba.

Mwingine akaleta shoka. Nalo nililikataa. Shoka likipiga msumari hutoa cheche, na ubao ungepasukia ndani, juu ya vichwa vyao.

Ofisa ameniuliza kazi hii nilijifunza wapi. Najibu hivi. Mume wangu Kalonji alikuwa seremala wa reli. Mwaka 2002, wakati wa vita, alipigwa risasi ya mkono wa kuume akitafuta mbao njiani. Treni zilikuwa zimesimama, umeme haukuwepo, na watoto walitaka kula. Yeye akawa mdomo, mimi nikawa mikono. Alikaa juu ya kiti akanifundisha kila chombo na kazi yake. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sanduku la kumzika mtoto wa jirani. Ubao ulikuwa mbichi, nami nilichukua msumeno mzuri kuliko yote, wenye meno madogo. Ulikwama katikati. Nilivuta, nikalia. Kalonji akasema: "Siyo wewe. Ile njo musumeno ya mbao kavu. Mbao yenye maji inataka meno makubwa, yaliyopanuka." Nikabadilisha, nikaanza upya. Tangu siku hiyo sijachagua chombo kwa uzuri wake.

Narudi kwa boti. Nilifuata mistari ya misumari kwa kidole, nikajua mbavu zake ziko wapi, maana misumari hupigiliwa juu ya mbavu. Nikachagua nafasi katikati ya mbavu mbili. Nililala kifudifudi juu ya mbao, nikatia alama kwa ukucha mwisho wa mabega yangu, kila upande. Nilitaka mtu mzima apite.

Nilitoboa pembe nne kwa keke, polepole, huku mama mmoja akimimina maji ya mto juu ya chuma kisipate moto. Tundu la kwanza lilipofika ndani, harufu ya esansi ilinipiga usoni. Nikasikia Mamy anasema: "Tunaona mwanga!" Nikamwambia aweke pua ya mtoto pale.

Kisha nikachukua msumeno wa meno makubwa, wenye ncha nyembamba, nikaupitisha tunduni. Mbao zile zina unene wa vidole viwili na zilikuwa zimelowa kwa miaka mingi. Msumeno haukukwama. Upande wa kwanza ulikwisha saa mbili na robo. Upande wa pili, mkono wangu ulichoka, nikawa nakata polepole. Daddy alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akapiga magoti, akasema: "Mama, leta."

Nikamwambia: "Usikandamize. Acha meno yafanye kazi yao." Alikata vizuri. Ningetaka hilo liandikwe.

Tulipobakiza upana wa kidole nilimsimamisha, kwa sababu kipande kingemwangukia mtoto. Niliingiza chuma cha keke katikati ya kipande, kikashika kama mpini. Daddy akavuta, mimi nikamalizia kwa patasi na nyundo ya mti. Kipande kikatoka nje kama kifuniko cha sufuria.

Saa mbili na dakika arobaini na tano, Elodie alitoka. Ana miaka minane. Mama yake akafuata. Papa Aimé alitoka mwisho. Alikuwa amewainua wote wawili kwa mabega yake. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ambo wakaitikia. Wapakiaji waliimba wakiwa bado wameshika kamba. Mimi nilikuwa natafuta patasi yangu. Ilikuwa mkononi mwangu.

Bwana Soudi alifika saa tatu. Aliuliza: "Nani alitoboa boti yangu bila ruhusa?" Nikasema ni mimi. Akasema atanishtaki. Simlaumu sana. Boti ndiyo shamba lake.

Mume wangu naye alikuja kwa miguu, mkono wake mbovu umefungwa kifuani. Alipitisha dole gumba la kushoto kwenye kingo zote za tundu. Akasema: "Kona moja haikunyooka."

Nikasema: "Ya chini."

Akakubali: "Njo hiyo." Kisha akageuza uso kuelekea mtoni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya kwa mikono yangu, na kama kesho mtu atagonga kwa ndani, nitakata tena. Nimesomewa, nimeelewa.

(Sahihi) Ntumba Joséphine

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya mara mbili. Bwana Soudi, aliyekuwepo hapa kituoni tangu mwanzo hadi mwisho wa maelezo, ametamka kwamba anaondoa mashtaka yake, na ameomba boti itengenezwe na shahidi mwenyewe. Shahidi amekubali. Naandika pia kwamba mahali pawili mimi nilikuwa nimeandika neno "kuvunja". Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka nifute na kuandika "kukata". Nimefuta. Assani Kassim, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi.