Nilimwambia Mama ni Upepo na Maji Tu

Jumapili, Kyebando

Na bado aibu haijanitoka.

Mchana tulikula kwa mama mkwe, Makindye. Shemeji yangu Okello amepata kazi ng'ambo, kwenye jukwaa la baharini ambako umeme wa upepo hutumika kutengeneza amonia ya mbolea. Mimi ndiye niliyemtafutia nafasi hiyo kupitia kampuni yetu.

Mama akaniuliza mbele ya wote, "Hiyo kitu haiwezi ua mutoto yangu?"

"Hapana, Mama. Ni upepo na maji tu."

Nilijua ninachoficha. Amonia ikivuja, mtu akaivuta kwa wingi, inaunguza mapafu na inaweza kumuua. Lakini Mama alikuwa ananitazama kwa fahari, mara ya kwanza tangu niolewe, nami sikutaka...

Akanishika mkono, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nikashindwa kuuendeleza uongo.

Nikasema yote, kichwa nimekiinamisha. Okello akacheka kidogo. "Shemeji, hata jeshi iko na hatari. Nitaenda, lakini nieleze vizuri namna ya kujikinga."

Mama hakucheka. Aliutoa mkono wake taratibu.

"Mimi sikusoma hiyo mambo," akasema. "Sasa nitauliza nani?"

Nikakusanya sahani, nikaenda kuziosha. Siku zote Mama huja jikoni tupige soga. Leo hakuja.