Kwa Nini Chemutai Aliondoka na Nywele Zake

Nyongesa, jana sinema ikifika mwisho ulitoka nje. Ati unaenda kuangalia kama mvua inakuja!

Sasa unaniuliza kwa nini Chemutai anarudi Kitale bila kupigania shamba la babake. Ati ni kiburi.

Si kiburi, bana. Kwenye sinema mwaka ni 1951, mzee, babake Chemutai, amezikwa kwake Bungoma, na watoto wananyolewa. Asiyenyolewa si mtoto wa marehemu, na hapati hata shina la mgomba.

Chemutai ameketi pamoja nao. Mzee alimzaa na mama Msabaot kule Kitale, kwenye shamba la mzungu alikokuwa kibarua. Jotham, kifungua mimba, anajua. Alimbeba mgongoni akiwa mdogo!

Mwenye wembe anauliza, "Jotham, huyu naye ni wenu?"

Jotham anatazama viatu vyake.

"Kaka, sema basi. Si unanijua?"

Kimya. Kimya, Nyongesa! Hakusema hapana. Alinyamaza tu, wembe ukampita Chemutai, na shamba lote likabaki la kina Jotham.

Ndiyo maana mwishoni Jotham anakimbia barabarani na kipara kibichi, akiita "Dada! Dada!" na lori lililombeba Chemutai limeshaondoka. Sasa ndio amekuwa dada!

Mimi sisahau. Marehemu ndugu yako alizaa na Chepkemei binti, Agneta, na wewe ulikula kwenye ubatizo wake. Kesho mnanyoa hapo Kamukuywa na mtoto hajaambiwa aje. Wazee watakuuliza wewe. Mpigie mamake saa hii, waje, na useme ni wenu.